Kitanda Chenye Lakiri

Zawena Mkupe alikuwa amekwisha kukunja shuka na kulipitisha chini ya kiuno cha Bibi Mwanakombo. Mkono wake mmoja ulikuwa begani mwa bibi na wa pili nyongani, akisubiri bibi avute pumzi ndipo amgeuze, mlango ulipogongwa mara tatu. Katika nchi ya Utulivu jirani hugonga mara moja, ndugu hagongi kabisa, na anayegonga mara tatu ni serikali.

Aliyahisi mapigo ya moyo wake mpaka kwenye ufizi.

"Ni wao," alisema kwa sauti ndogo.

"Basi nigeuze kwanza," alisema Bibi Mwanakombo, uso wake umezama kwenye mto. "Serikali imesimama kwa miguu yake. Mimi nimening'inia."

Zawena alivuta shuka. Bibi akaja polepole, kama mlango mzito, akatua ubavu wa kulia. Zawena akaweka mto mmoja mgongoni, mwingine katikati ya magoti, akapitisha kiganja chini ya kifundo cha mguu kuhakikisha kisigino hakigusi godoro. Ukutani palikuwa na kipande cha kadibodi chenye saa zote za siku: saa kumi na mbili mgongo, saa mbili ubavu wa kushoto, saa nne ubavu wa kulia, saa sita mgongo, na kuendelea hivyo. Alitia alama ya penseli mbele ya saa nne. Miaka miwili sasa bibi hajiwezi kuanzia kiunoni kwenda chini, na ngozi yake ya mgongo ilikuwa nzima kuliko ya watu wengi wanaotembea.

Hawakuwa ndugu. Bibi Mwanakombo alikuwa jirani wa ukuta mmoja, na siku alipoanguka, aliyesikia kishindo alikuwa Zawena. Mambo ya kugeuza alijifunza mwenyewe, kwa kukaa siku nne kwenye benchi la hospitali akiwatazama wauguzi na kuandika.

Mlango uligongwa tena mara tatu.

Aliyeingia alikuwa Bwana Lupembe, Mkaguzi wa Vyanzo wa kata, mtu mpole aliyefuta viatu mlangoni mara mbili. Nyuma yake alikuja Koplo Nyange, kijana mrefu aliyekumbatia jalada kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa wenyewe.

"Msiogope," alisema Bwana Lupembe, na Zawena akazidi kuogopa. "Tumepata taarifa kwamba ndani ya nyumba hii kuna wema unatendeka."

Zawena aliuweka sawa mto wa mgongoni mwa bibi.

"Hatusemi ni kosa. Wema ni jambo zuri. Tunachouliza ni unakotoka." Alifungua jalada. "Miezi sita iliyopita ulijaza fomu. Kipengele cha saba kinauliza chanzo cha wema wako, yaani unautenda kwa ajili ya Mlango upi wa imani. Wewe uliandika: Bibi Mwanakombo."

"Ndiyo, bwana."

"Tumeutafuta Mlango huo kwa miezi mitano. Wapelelezi wawili walikwenda mpaka mpakani. Hekalu lake halijaonekana. Viongozi wake hawajulikani. Katika nchi nzima amepatikana muumini mmoja, nawe ndiye huyo."

"Mlango gani tena?" alidakia bibi kutoka kitandani. "Bibi Mwanakombo ni mimi. Mimi mwenyewe ni wa Mlango wa Kusini tangu tumboni. Nisingejiabudu hata kwa kulipwa, najijua."

Bwana Lupembe alimtazama bibi kwa muda mrefu, kisha akatazama jalada, lililokuwa na kurasa mia tatu.

"Hilo," alisema taratibu, "litawaumiza watu wengi ofisini. Dada Zawena, Baraza linakuhitaji saa tano."

"Saa sita lazima nimgeuze."

"Hatutachelewa," alisema Bwana Lupembe, kama wanavyosema wote wenye saa ya serikali.

*

Yafaa ielezwe jinsi mambo yalivyofika hapo, kwa sababu watu wa nchi nyingine huenda wasielewe.

Utulivu ina Milango minne ya imani: Mashariki, Magharibi, Kaskazini na Kusini. Kila mtu huzaliwa katika mmoja, hubeba kadi yake, na huzikwa kwa kuielekea pembe yake. Milango hiyo haijawahi kukubaliana juu ya jambo lolote, hata rangi ya anga, ila moja tu: kwamba mtu asiye na Mlango hawezi kuwa mwema, na akionekana mwema, basi kuna jambo analificha.

Mwaka mmoja mtaro mkubwa wa mji mkuu ulikutwa asubuhi umezibuliwa. Haikujulikana nani aliuzibua. Maji yalipita, mbu walipungua, na hofu ikatanda. Mawaziri walikaa siku tatu bila kwenda nyumbani. Siku ya nne Mlezi Mkuu wa Taifa alizungumza redioni kwa saa tatu na dakika kumi.

"Ndugu wananchi," alisema, "wema ni kama umeme. Umeme usiojulikana unatoka nguzo gani huunguza nyumba. Mtu anayekusaidia bila kukuambia ametumwa na nani, muulize. Asipojibu, pigeni kelele."

Ndipo ikatungwa Sheria ya Vyanzo. Tangu hapo mtu akitaka kumvusha kipofu barabara huonyesha kwanza kadi yake na daraja la wema aliloruhusiwa. Kuna kipofu mmoja katika barabara ya Soko Jipya aliyesimama ukingoni tangu chai ya asubuhi mpaka adhuhuri, huku watu kumi na mmoja wenye moyo wa huruma wakipanga foleni ya muhuri ng'ambo ya pili. Walipopata muhuri walimkuta amekwisha kuvuka mwenyewe, wakamshtaki kwa kuharibu nyaraka.

Waliokaidi walipelekwa Nyumba ya Shukrani. Haikuwa jela. Serikali ilisisitiza sana kwamba si jela, na madirisha yake yalikuwa na mapazia. Fundi Mkadara, aliyekuwa akiwaezekea wajane bila kuwauliza lolote, alikaa humo wiki saba. Aliporudi hakuwa na jeraha. Ila sasa alishukuru kila kitu. Alishukuru kiti kabla ya kukaa na baada ya kukaa. Alishukuru mlango, akasimama mbele yake mpaka mtu mwingine aufungue. Mvua iliponyesha na paa la jirani yake likavuja, alisimama uani akiishukuru mvua, ngazi yake imeegemea ukuta hatua mbili kutoka alipo.

Zawena alimwona kila siku alipokwenda kuchota maji. "Ahsante," Mkadara humwambia, akiutazama mtungi. Usingizi wake Zawena ulikuwa umepungua tangu Mkadara aliporudi.

*

Baraza lilikaa katika chumba chenye picha ya Mlezi Mkuu na saa kubwa ya ukutani. Zawena alikalishwa mbele ya picha. Saa ilikuwa nyuma yake, ikawa kila akitaka kuiona lazima ageuke, na kila akigeuka karani aliandika: ametazama nyuma.

Mwenyekiti alikuwa mzee nadhifu mwenye kadi ya Daraja la Kwanza, iliyomruhusu kutenda wema wa kila aina. Alikuwa nayo miaka tisa, na ilikuwa bado mpya kabisa.

"Unaamini nini, mama?"

"Naamini akilalia ubavu mmoja muda mrefu, ngozi inaoza, mheshimiwa."

"Hayo ni ya zahanati. Tunauliza imani."

"Sina," alisema Zawena.

Alilisema kwa sauti ndogo mno, hata karani akamwomba arudie. Alirudia. Karani akaomba tena, kwa ajili ya nakala ya pili. Kila mara neno lilikuwa zito zaidi, na la tatu lilimtoka kama mfupa.

"Hukuwahi kuwa nayo?"

"Nilizaliwa Mlango wa Magharibi. Nilitafuta, mheshimiwa. Nilitafuta kwa utaratibu, miaka mingi, nikasoma vya Milango yote minne. Sikuona. Siwacheki walioona. Bibi Mwanakombo husali alfajiri, nami humkalisha aelekee Kusini na kumshikia kitabu, maana macho yake hayafiki."

"Humshikia kitabu cha Mlango usio wako?"

"Kitabu ni kizito. Mikono yake hutetemeka."

Wajumbe walinong'ona. Mwenyekiti akamwita Mtaalamu wa Hofu, mwanamke mwenye miwani minene. Mtaalamu alikishika kifundo cha mkono wa Zawena na kuhesabu akiwa amefumba macho.

"Mia na ishirini na nane," alisema. "Mtu huyu anaogopa sana. Sijapata kupima hofu kama hii nje ya mahekalu."

Chumba kilichangamka. Mwenyekiti aliinama mbele. "Kumbe. Unaogopa nini, mama? Moto wa milele?"

"Nawaogopa ninyi, mheshimiwa."

Mwenyekiti alionekana kupendezwa. Alikiweka sawa kitambaa cha mfukoni. "Ni jibu la heshima. Karani, je, hatuwezi kuandika katika kipengele cha saba kwamba mama huyu hutenda wema kwa kutuogopa sisi? Lingekuwa jambo la kupendeza kwa taifa."

Karani aliwaza. "Haitawezekana, mheshimiwa. Sisi tunamzuia."

"Ni kweli," alisema Mwenyekiti kwa masikitiko. "Tunamzuia."

Zawena aligeuka. Ilikuwa saa saba kasoro robo. Bibi alikuwa bado juu ya ubavu ule ule.

"Mheshimiwa, naomba niende nimgeuze, kisha nirudi. Nitarudi kwa miguu yangu. Mnaweza kunifunga kamba."

"Tuko karibu kumaliza. Sikiliza, mama, mimi ni mtu mzima kama wewe, tusitesane. Chagua Mlango wowote. Hatutakuuliza kama unaamini. Hilo halimo kwenye fomu. Kusini pamejaa mpaka mwaka kesho kutwa, lakini Kaskazini pana nafasi, na wanampa kila mgeni chupa ya chai. Andika Kaskazini, uende ukageuze watu wa Kaskazini mpaka uchoke."

"Bibi Mwanakombo ni wa Kusini."

"Basi watu wa Kusini watamtafutia mtu wao."

"Lini?"

Mwenyekiti alimtazama karani, na karani akakitazama kidau cha wino.

Zawena alijua kwamba neno moja lingemtoa humo, na kwamba neno hilo halimgharimu pumzi hata moja. Alimfikiria Mkadara mbele ya mlango.

"Mheshimiwa, mimi si mkaidi. Lakini nikiandika kwamba namgeuza kwa sababu Mlango umeniambia, basi siku Mlango ukiniambia nisimgeuze, itakuwaje? Bibi atakuwa amelala pale pale. Sababu yangu ikae kwake. Yeye ndiye anayeumia."

Zawena aliisikia saa ikienda nyuma yake.

"Umesikia?" Mwenyekiti alimwambia karani taratibu. "Hatishiki na wa mbinguni, wala hapangiwi na wa duniani. Mtu wa namna hii unamshika wapi?"

Hukumu ilisomwa. Wema wa Zawena Mkupe unasimamishwa hadi chanzo chake kipatikane. Kitanda husika kitiwe lakiri, na mtu yeyote asitende wema juu yake isipokuwa mwenye kadi ya Daraja la Kwanza. Katika kata nzima mwenye kadi hiyo alikuwa Mwenyekiti mwenyewe, naye angefika kesho asubuhi saa nne, kukikagua kitanda. Lakiri ikikutwa imevunjika, mwenye kuivunja ataondoka naye kwenda Nyumba ya Shukrani.

"Mheshimiwa atamgeuza?" aliuliza Zawena.

"Nitakagua," alisema Mwenyekiti.

*

Alipofika nyumbani ilikuwa saa nane. Utepe wa kijani ulikuwa umekizunguka kitanda kutoka nguzo hadi nguzo, umepita juu ya kifua cha bibi na juu ya mapaja, na pale ncha zilipokutana, upande wa miguuni, palikuwa na lakiri nyekundu kubwa kama kitumbua. Koplo Nyange, aliyetumwa atangulie na utepe, alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni, kofia juu ya magoti.

"Umechelewa," alisema Bibi Mwanakombo. Uso wake ulikuwa wa majivu. "Wamenifunga kama zawadi. Huyu mjukuu hapa nimemwomba anisogeze mguu, akanionyesha kadi."

"Kadi yangu ni Daraja la Tatu, bibi," alisema Koplo. "Kusalimia na kupisha njia."

"Amenisalimia mara kumi na nne, Zawena. Nimeitikia zote. Nyonga inawaka moto."

Zawena alipiga magoti, akachungulia chini ya utepe bila kuugusa. Palipokutana mfupa na godoro ngozi ilikuwa nyekundu, na katikati ya wekundu palikuwa na doa la zambarau lenye upana wa kidole gumba. Alijua doa lile. Mama yake mwenyewe alikuwa na doa kama lile siku ya Jumatatu, mwaka ambao hakuna mtu nyumbani aliyejua kugeuza, na kufikia Ijumaa ya pili ungeweza kuona mfupa.

Kesho saa nne ilikuwa mbali saa ishirini.

Alisimama, akanawa mikono, akarudi. Alijaribu kulishika shuka, vidole vikateleza. Alijaribu tena.

"Dada," alisema Koplo Nyange, "utepe utavuta lakiri. Itapasuka."

"Najua."

"Watakuchukua. Na mimi watanichukua kwa kutokuona."

"Najua, kaka. Geukia ukuta basi, useme hukuona."

"Nimeagizwa nisigeuke."

Bibi Mwanakombo aliguna. Haikuwa sauti ya kuomba. Ilimtoka tu, ndefu, kama kitu kilichoburutwa sakafuni. Kisha akacheka kidogo kwa aibu. "Samahanini. Nilikuwa nataka kutoa tusi, likatoka hilo."

Koplo alisimama. Kofia ilimwanguka. Aliuangalia utepe kutoka nguzo hii hadi ile, akasogea, akauingizia mikono yake miwili chini na kuunyanyua kidogo kidogo, mmoja kifuani na mmoja mapajani, mpaka ukalegea hapo katikati na lakiri ikatulia bila kuvutwa.

"Ninachofanya ni kulinda mali ya serikali," alisema. Midomo yake ilikuwa myeupe. "Utepe huu ni mali ya serikali."

"Ushike hapo hapo," alisema Zawena.

Alishika shuka. Akahesabu pumzi. Bibi alianza kuja, taratibu, lakini mikono ya Zawena, ambayo kwa miaka miwili haikuwahi kumwangusha mtu, ilikufa ganzi katikati ya kazi, na bega la bibi likaanza kuporomoka kuelekea ukingo wa kitanda.

Koplo Nyange aliupeleka utepe wote kwenye mkono mmoja na kulipokea bega kwa mwingine. Alilipokea vizuri, kwa kiganja kilichofunguka. Alimshikilia hivyo, akipumua kwa nguvu, mpaka Zawena akapata mshiko, mpaka mgongo wa bibi ukatua, mpaka mto wa kwanza ukaingia na wa pili ukaingia.

"Hewaa," alisema bibi, macho yamefumbwa. "Mkono una joto huo. Mtu wa kusalimia tu hawi na mkono kama huo."

Utepe ukashushwa. Wote watatu waliitazama lakiri. Ilikuwa na ufa mmoja mwembamba kama unywele, kutoka ukingoni kwenda katikati, lakini haikuwa imeachana. Hakuna aliyeweza kusema kama ufa ule ulikuwapo tangu mwanzo.

*

Zawena alitia alama mbele ya saa nane, akaandika pembeni: saa sita, hakugeuzwa. Kisha akachemsha maji na chumvi, akaosha pale penye doa kwa kupenyeza mkono chini ya utepe, huku Koplo akiunyanyua tena bila kuombwa. Vitambaa safi vilibaki viwili tu. Kimoja alikitumia, na vile vichafu alivitia kwenye beseni, vilowe mpaka asubuhi.

Koplo Nyange alirudi kwenye kigoda na kufungua fomu ya lindo. Kila baada ya saa mbili alitakiwa kuandika lililotokea. Aliandika saa, akaandika jina lake, akaandika namba ya utepe. Kisha penseli ikasimama.

"Dada Zawena."

"Naam."

"Hapa kuna kipengele cha saba. Nikiandika nimemshika, wanataka chanzo." Alimeza mate. "Mimi ni wa Kusini, nasali kila siku. Lakini pale sikuukumbuka Mlango. Sikukumbuka chochote. Aliguna tu."

"Basi andika hivyo."

"Niandike aliguna?"

"Hawatautafuta Mlango huo hata miezi mitano," alisema Bibi Mwanakombo. "Utawaleta moja kwa moja hapa."

Koplo hakucheka. Aliitazama kofia yake iliyobaki sakafuni. "Mimi nimemwona Fundi Mkadara," alisema. "Nilikuwa mlinzi kule. Nilimwona siku ya kuingia na siku ya kutoka."

Zawena alikaa ukingoni mwa kigoda cha pili.

"Kiache wazi kwanza," alisema. "Utakijaza kesho."

"Na kesho saa nne akija?"

Zawena alichukua kipande kipya cha kadibodi, kwa kuwa kile cha zamani kilikuwa kimejaa, akakiweka juu ya goti na kuanza kupanga saa za kesho. Saa kumi na mbili, mgongo. Saa mbili, ubavu wa kushoto. Mwandiko ulikuwa mbaya, herufi zilipanda na kushuka, ikabidi afute na kuanza upya mara mbili. Alipofika saa nne alinyanyua penseli, akamtazama kijana, kijana akautazama mkono wake mwenyewe, ule uliopokea bega.

"Saa nne ni ubavu wa kulia," alisema Zawena. "Ubavu huo ndio wenye doa, hatuwezi kumlalisha tena pale. Itabidi tumwinamishe nusu, kwa mto. Hilo sijawahi kulifanya peke yangu."

"Mikono yangu itakuwa inatetemeka," alisema Koplo Nyange.

"Hata yangu."

"Na mnishike vizuri," alisema Bibi Mwanakombo, usingizi umeanza kumchukua. "Mimi si gunia."

Zawena aliandika: saa nne, kuinamisha nusu, watu wawili. Saa sita hakuiandika bado. Aliiweka penseli juu ya kadibodi, akaenda kusogeza beseni lisije likakanyagwa.